Mfuko wa kumbukumbu ya mwalimu wetu: hela ipo, watoto hawaji. Tunakosea wapi?

#1 Mkorosho Mkongwe
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba tulichambue.

Tuliosoma shule moja ya serikali hapa Mtwara (jina naliacha, wenyewe mnajijua) tulifungua mfuko baada ya mwalimu wetu wa hesabu kufariki. Mwalimu yule kwake kipindi kilikuwa hakiishi. Saa kumi jioni njaa inauma yeye ndio anaingia na kipande cha chaki kilichobaki kama punje ya korosho, anakishika kwa kucha, anarudia swali mpaka yule wa nyuma kabisa aelewe, na pindi zote hizo hakumtoza mtu hata mia. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa michango yeye ndio anaenda ofisini kumwombea, muacheni asome, baba yake atalipa korosho zikitoka. Siku ya tatu ya msiba tumekaa kwenye mikeka pale kwake, mmoja wetu akasema hizi rambirambi zikiisha na sisi ndio tutakuwa tumemsahau. Mfuko ulianzia pale pale mkekani.

Tunachanga elfu kumi kila mwezi, mwenye uwezo anazidisha. Kazi yake ni kumlipia ada ya chuo kijana wa shule yetu aliyemaliza kidato cha sita, kafaulu, na kwao hali ni ngumu. Mwaka huu tukatangaza nafasi sita. Fomu zilizorudi zimekamilika ni mbili tu. Na kijana mmoja wa mwaka juzi kaacha chuo muhula wa pili, simu hapokei. Hela ipo benki, na vijana wenyewe tunawaona pale stendi wamekaa kwenye bodaboda za watu. Tunakosea wapi?

#2 Binti Ligula
Poleni kwa msiba na hongereni. Swali dogo kaka, tangazo mliliweka wapi?

#3 Mkorosho Mkongwe
Kwenye grupu letu la WhatsApp la waliosoma pale, na tukabandika ubao wa matangazo shuleni.

#4 Binti Ligula
Ndio hapo sasa. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, wakimaliza wanabeba matranka wanaondoka, ule ubao anabaki kuusoma kidato cha tano. Grupu lenu limejaa watu wazima wenye kazi zao, mtoto mwenye shida hayumo. Halafu Juni wengi wanaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, mdogo wangu alikaa kambini miezi mitatu tunamsikia kwa nadra. Matokeo yanatoka Julai mwenzenu bado yuko kwenye mchakamchaka. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa lini?

#5 Mkorosho Mkongwe
Tarehe 15 Agosti.

#6 Binti Ligula
Basi kaka jibu lako la kwanza hilo hapo.

#7 Mtu wa Newala
Dada wa #4 sikubaliani nae moja kwa moja. Habari watoto wanazipata, simu janja zimefika hadi mashambani. Shida ni msimu. Huku Newala na Tandahimba hela ya kueleweka inaingia minada ya korosho ikianza, na hiyo ni Oktoba kwenda mbele. Sasa angalia kalenda ya chuo, udahili unafunguliwa Julai, maombi ya mkopo Bodi ya Mikopo unalipia 30,000, kila chuo unachoomba nacho kina hela yake ya maombi, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa usajili), picha, wakili wa kugonga muhuri, steshenari ya kuskani makaratasi, nauli ya kwenda na kurudi mjini mara tatu mara nne kwa sababu kila ukienda mtandao unasumbua. Yote hayo Julai mpaka Septemba, na hiyo ndio miezi ambayo baba kamalizia kila alichonacho kwa vibarua wa kupalilia na kupulizia dawa, ndani hamna kitu. Mimi nina jirani aliuza korosho zikiwa bado maua, akachukua hela ya kangomba ili mtoto apate nauli, mavuno yalipofika gunia lote likaenda kwa mwenye hela. Mwaka uliofuata mdogo wake akaahirishiwa advansi (kidato cha tano na sita) kwa sababu ya deni hilo hilo.

Nyie mnasubiri Novemba mlipe ada. Huyo mtoto mbona alishaanguka Agosti.

#8 Mwana Nachingwea
Hiyo ya korosho ni ya huko kwenu Mtwara. Sisi Lindi ufuta unauzwa Juni na Julai, hela inakuwa mkononi kipindi kile kile cha maombi, na watoto wetu bado hawaendi. Kwa hiyo msimu peke yake hautoshi kuwa sababu.

#9 Mtu wa Newala
Jirani ufuta wenu wa Juni unafika Novemba? Ukiuzwa tu tunawasikia mmeshawasha ngoma za jando kijiji kizima 😄

#10 Mwana Nachingwea
Hahaha tuheshimiane mtani. Ila ni kweli, hela ya Juni ina wenyewe. Kuna madeni ya dukani ya tangu masika, kuna bati, kuna mtoto wa kumcheza, na chuo kiko mbali hakijaanza kudai. Mzazi wangu mwenyewe alikuwa anasema Mungu akipenda Novemba tutajua.

#11 Mama Mikindani
Wanangu habari zenu. Mimi nina la makaratasi. Nimemlea mtoto wa dada yangu tangu yuko darasa la tatu, dada alitangulia mbele za haki. Kijana kafaulu vizuri kidato cha sita. Ikaja fomu ya ufadhili, sio huo wenu, mwingine, wanataka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama, barua ya mtendaji, na sahihi ya baba. Baba aliondoka kwenda machimboni kijana hajatambaa. Cheti cha kifo hatukuwahi kukata maana dada alifia nyumbani. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo, nilikifunga kwenye nailoni nikakiweka juu ya dari pamoja na stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika), nilipokishusha mchwa wamekula kona yote ya jina, limebaki "misi" tu. Tukafuatilia kipya, kikatoka Khamisi na shuleni ameandikwa Hamisi. Ikabidi kiapo. Kiapo kikapatikana fomu zimefungwa wiki imepita. Yule mtoto alikaa kwenye ngazi ya nyumba kutwa nzima na ile bahasha mapajani, chakula hakugusa.

#12 Karani Mstaafu
Dada yangu Mama Mikindani pole sana. Nimefanya kazi za usajili miaka mingi, hilo la Hamisi na Khamisi nimeliona mpaka basi, na Saidi na Said, na Fatuma na Fatma. Ila wenye mfuko niwaambie hivi, uhakiki wa RITA ni takwa la mkopo wa Bodi, nyie mfuko binafsi hamlazimiki kudai cheti cha kifo. Mnakopi fomu ya serikali kana kwamba na nyie ni serikali. Mwalimu mkuu na jirani wawili wakisema huyu mtoto ni yatima yatosha.

Na hiyo sahihi ya baba. Jamani huku kwetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, kwa asili mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndio mwenye neno. Ukiweka kwenye fomu mstari mmoja tu wa baba, unawaacha nje watoto wengi ambao mwenye kuwalea na kuwasemea ni mjomba.

#13 Mkorosho Mkongwe
Mzee Karani shikamoo na ahsante. Kweli fomu yetu ina mstari wa baba na mama basi. Na cheti cha kifo tumeomba. Tuliichukua fomu ya mkopo tukabadilisha kichwa cha habari.

#14 Karani Mstaafu
Marahaba. Ibadilisheni na mwili.

#15 Chuma cha Masasi
Mi naona mnazunguka tu, siku hizi serikali inakopesha, mtoto wa kaya ya TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) anapewa kipaumbele, ada ya sekondari imefutwa mpaka kidato cha nne, mkopo wenyewe unarudisha 8% ukipata kazi. Mfuko wa nini tena?

#16 Mwalimu wa Zamu
Chuma turekebishe hapo. 8% ilikuwa zamani, sheria ilibadilishwa 2016 na sasa wanakata 15% ya mshahara wa msingi. Kilichofutwa ni ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo, iliondolewa 2021. Na ada imefutwa mpaka kidato cha tano na sita tangu 2022, sio cha nne tu. Hilo la TASAF uko sahihi.

Na hiyo 15% ndio inayonifanya mimi nichange elfu tano badala ya kumi kwenye mfuko wa shule yangu. Naomba tusihukumiane kwenye michango.

#17 Chuma cha Masasi
Sawa mwalimu nimekubali kurekebishwa. Lakini swali langu liko pale pale, mwenye mkopo anahitaji mfuko wa nini?

#18 Nililala Chini
Chuma ngoja nikujibu, na samahani itakuwa ndefu.

Mimi nilikuwa na mkopo na nilikuwa na mfadhili wa ada, wazee waliosoma shule yetu, kumbukumbu ya mwenzao aliyefariki ajalini. 2019 natoka Tandahimba naenda Dar, kilometa zaidi ya 550, nina begi moja na bahasha. Ada imelipwa, nashukuru mpaka leo. Nafika chuoni naambiwa bima ya afya 50,400, hela ya serikali ya wanafunzi, kitambulisho, hela ya tahadhari, hosteli. Usipokamilisha usajili huwezi kusaini boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Boom yenyewe enzi zangu ilikuwa 8,500 kwa siku, ikapanda 10,000 mwaka wa masomo 2022/23, ila haiji siku unayofika. Yangu ilichukua wiki tano. Wiki tano nimelala sakafuni kwenye chumba cha kijana wa Kilwa ambaye sikumjua kabla, nimetandika kanga mbili za mama, moja chini moja najifunika, mgongo ule wa sakafu ya saruji Novemba nauhisi mpaka leo nikipita kwenye kituo cha mabasi naona mtu kalala chini. Mchana nilikuwa naingia maktaba nisione wenzangu wakienda kula. Mama alinifungia korosho za kukaanga kwenye gazeti, nikawa nahesabu, kumi asubuhi kumi usiku.

Wafadhili wangu walikuwa wanapiga simu kila Jumapili, vipi masomo, nasema salama. Ningesemaje? Mtu kakulipia zaidi ya milioni halafu umwambie huna hela ya sabuni? Mwenzangu tuliyepata nae ufadhili mmoja aliondoka wiki ya tatu. Watu kijijini wakasema chuo kimemshinda. Hakushindwa na chuo, alikuwa na PCM (fizikia, kemia, hesabu) ya nguvu kuliko mimi.

Kwa hiyo Mkorosho Mkongwe, huyo wenu asiyepokea simu, msimpigie. Mfuateni.

#19 Binti Ligula
Nimesoma mara mbili. Mungu akuzidishie ndugu yangu.

#20 Mkorosho Mkongwe
Nililala Chini ahsante sana. Sisi hatujawahi kutoa hata shilingi ya nauli. Tuliona ada ndio mzigo, na tuliogopa hela ya mkononi ikipotea wachangiaji watalalamika.

#21 Hatifungani
Wakuu mimi naingilia upande wa hela. Elfu kumi kumi za kila mwezi mnazila zote kila mwaka, siku wachangiaji wakichoka mfuko umekufa na jina la mwalimu limekufa nalo. Kusanyeni miaka mitatu msimpe mtu, wekeni hatifungani za serikali za muda mrefu (unaikopesha serikali inakulipa riba) au UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja), halafu muwe mnasomesha kwa faida tu. Mtaji msiuguse. Na msajili bodi ya wadhamini RITA, sio akaunti kwa majina ya watu watatu, wakifariki hao watatu itakuwaje?

#22 Mtu wa Newala
Wazo zuri ila miaka mitatu bila kumpa mtu? Hao wa mwaka huu wanaenda wapi, wanasubiri hatifungani iive?

#23 Hatifungani
Wanasubiri ndio, kwa sababu ukisomesha wawili leo na mfuko ukafa, ishirini wa baadae hawapati.

#24 Mama Mikindani
Mwanangu Hatifungani, hao ishirini siwajui. Wa kwangu nilikuwa namuona pale kwenye ngazi.

#25 Dada wa Tandahimba
Mimi niseme linalokwepwa. Mlivyotangaza mliandika watoto gani?

#26 Mkorosho Mkongwe
"Wanaotoka kwenye kaya maskini", na wapate uthibitisho wa mkutano wa kijiji.

#27 Dada wa Tandahimba
Nilijua. Mwaka niliomaliza mimi kuna ufadhili ulitaka hivyo hivyo. Jina langu likasomwa mkutanoni chini ya mwembe, watu wote wapo, baba yangu amekaa mbele na kofia yake, mwenyekiti anasoma kwa sauti "familia ifuatayo haina uwezo". Baba yangu ana ekari mbili za mikorosho iliyozeeka, hajawahi kuomba chumvi kwa mtu. Alisimama akaondoka. Usiku akaniambia binti yangu hutasoma kwa hela ya kunivua nguo. Nilikaa nyumbani mwaka mzima, nikapata posa mbili, na mama ndio aliyezikataa. Mwaka uliofuata nikaenda chuo kwa mkopo na kwa mbuzi wa bibi.

Kwahiyo kuna watoto fomu wanayo, wameijaza, wameificha chini ya godoro. Hawajakosa taarifa wala cheti. Andikeni basi "tuzo ya mwalimu fulani kwa wanafunzi wake" uone kama hawaji. Shida zao mnaweza kuziuliza pembeni.

#28 Mwana Nachingwea
Hili la dada limenigusa kuliko yote.

#29 Mpita Njia
Wakuu mnasahau moja kubwa. Watu hawaamini. Kwetu kulikuwa na mfuko wa namna hii, tukajaza fomu wanafunzi thelathini na kitu, wakapata wanne, watatu kati yao ni watoto wa ndugu za wanakamati. Tangu hapo ukitaja ufadhili wa wahitimu kijijini watu wanakuuliza majina yameshapangwa? Nyie mnaweza kuwa safi ila mnavuna tulichopandiwa na wengine.

#30 Mwalimu wa Zamu
Dawa ya hilo ni majina ya waombaji kufunikwa kwa namba, na wasomaji wa fomu wawe wa shule nyingine. Kwetu tunafanya hivyo. Ila kwetu pia waombaji ni wachache, kwa hiyo nakiri sio dawa ya kila kitu.

#31 Mzee wa Ndanda
Vijana nimepita hapa nimefurahi. Mimi nilisoma Ndanda enzi hizo, umesikia mtu wa Lupaso alipita Ndanda akaenda mpaka Makerere akawa rais, Mkapa, Mungu amrehemu. Wakati wetu ukifaulu serikali ilikupa waranti ya usafiri mpaka chuoni, ukifika kitanda kipo, godoro lipo, chakula kipo. Ulikuwa unatoka kijijini na nguo mbili na unasoma. Nyie mnaita mfuko, zamani hiyo ndio ilikuwa njia ya kawaida. Nasema hivi ili mjue mtoto wa leo haombi kudekezwa.

#32 Binti Ligula
Babu shikamoo. Mlikuwa mnakula nini Ndanda?

#33 Mzee wa Ndanda
Marahaba mjukuu wangu. Ugali na kunde, na likizo tukishuka Mnazi Mmoja ya Lindi pale njia panda tunapokelewa na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha ya moto.

#34 Mtu wa Newala
Ming'oko ya Mnazi Mmoja ipo mpaka leo mzee, bei tu ndio imebadilika 😄

#35 Chuma cha Masasi
Turudi kwenye mada. Nimebadilika kidogo baada ya #18. Ila nina lingine, kwanini wa kidato cha sita tu? Aliyemaliza cha nne akaenda kusoma cheti cha uuguzi au ufundi VETA, huyo Bodi haimkopeshi kabisa. Mikopo ya diploma yenyewe imeanza 2023/24 na ni kwa baadhi ya kozi. Mnagombania mtoto ambaye serikali angalau inamtupia jicho, mnamuacha ambaye hana pa kushika. Na fundi umeme anapata kazi Mtwara hapa hapa mwaka huo huo.

#36 Mkorosho Mkongwe
Hilo tulibishana kwenye kikao mpaka usiku. Wengine wanasema mwalimu alifundisha advansi, mfuko ubaki kwa wanafunzi wake. Mimi binafsi nasema wanafunzi wake ni wale wa sita. Lakini sikatai hoja.

#37 Mwalimu wa Zamu
Kuna kitu kimoja cha kuangalia mkianza kutoa hela ya kujikimu. Anayelipiwa kila kitu na mfadhili mwingine hapewi mkopo wa Bodi. Kwa hiyo msimfanye mtoto aonekane kashabebwa mzima halafu mfuko ukayumba katikati. Mpeni kile ambacho mkopo haukifikii.

#38 Hatifungani
Nabaki na msimamo wangu wa mtaji. Ila kama ni hela ndogo ya kumfikisha chuoni na kumvusha wiki za mwanzo, hiyo haitaua mfuko, naunga mkono.

#39 Dada wa Tandahimba
Na mimi nabaki na langu. Hata mkitoa nauli ya ndege, mkisoma majina mkutanoni hawaji.

#40 Mkorosho Mkongwe
Wakuu samahani kwa kimya cha siku nne. Tulimfuata yule kijana wa mwaka juzi, tulienda wawili kwa pikipiki mpaka kwao. Tumemkuta anapara korosho na mama yake kwenye mkeka, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakukimbia. Alitukaribisha maji, akainama muda mrefu sana hasemi, halafu akauliza kama tumekuja kudai hela ya mwalimu. Nilishindwa kujibu mara moja. Yaani miezi yote hiyo alikuwa hapokei simu kwa sababu anadhani tunamdai.

Alikosa sehemu ya kulala. Chumba alichopanga na mwenzake, huyo mwenzake aliondoka, kodi ikamzidi. Nilipokuwa nasikiliza nilikuwa nakumbuka #18 neno kwa neno. Chuo kimesema anaweza kurudi akianza muhula upya. Kati ya vijana wanne wa mwaka huu ambao fomu zao hazikukamilika, wawili tumewapata, mmoja ni cheti, mmoja hataki kusema sababu na mjomba wake ametuomba tumpe muda. Wawili bado.

Kijana anasafiri Jumapili alfajiri. Nauli tumechanga usiku ule ule, chumba Nililala Chini anamtafutia. Tumebakiza vitu vya ndani.

#41 Nililala Chini
Chumba nimepata, kodi ya miezi miwili nimeongea na mwenye nyumba kakubali kupokea kidogo kidogo. Mwambieni akishuka asichukue bodaboda, nitamsubiri mwenyewe.

#42 Mama Mikindani
Godoro la futi mbili na nusu ninalo, halijalaliwa hata siku moja, nililinunua kwa ajili ya Hamisi wangu mwaka ule. Mtu apite Mikindani Jumamosi kabla ya adhuhuri alichukue. Na ndoo ya maji yenye mfuniko pia ipo.